Bodi ya faibaglasi: pale mkarabati anapopata na anapopoteza

SOMO LA WIKI

Katika soko la magari ya mashindano ya zamani, bei hupangwa na vitu viwili: gari lenyewe na historia yake. Mnunuzi mgeni huangalia kitu cha tatu, nacho ni rangi. Gari linalong'aa humvuta, lenye nyufa na rangi iliyobabuka humfukuza. Wauzaji wazoefu wanalifahamu jambo hilo, na wapo wanaopiga rangi mpya siku chache kabla ya kulipeleka gari mnadani.

Somo la wiki hii linahusu magari ambayo bodi zake ni za faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa resini. Hesabu yake ni tofauti na ile ya gari la bati. Mwekezaji asiyeijua anaweza kulipia ukarabati mara mbili: mara ya kwanza kwa fundi, na mara ya pili pale nyufa zilezile zinapojitokeza juu ya rangi mpya.

Gari la mfano

Wapenzi wa mbio za Safari nchini Kenya wanalifahamu gari la Lancia Stratos. Mwaka 1975 magari mawili ya aina hiyo, yakiwa na rangi za shirika la ndege la Alitalia, yalimaliza ya pili na ya tatu chini ya Sandro Munari na Björn Waldegård, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Mwaka 1977 Munari alimaliza wa tatu. Stratos iliipa Lancia ubingwa wa dunia wa mbio hizo kwa miaka mitatu mfululizo, 1974 hadi 1976, lakini haikuwahi kushinda Safari.

Gari hilo lilibuniwa na Marcello Gandini katika kampuni ya Bertone ya Italia, na lilitumia injini ya V6 ya Ferrari Dino yenye ujazo wa lita 2.4. Yalitengenezwa chini ya 500. Sehemu ya katikati anapokaa dereva na msoma ramani ni ya chuma. Milango, kifuniko chote cha mbele na kifuniko chote cha nyuma ni vya faibaglasi.

Sababu za kuchagua faibaglasi zilikuwa uzito na gharama. Mashine na kalibu za kukandamiza bati hugharimu fedha nyingi kabla gari la kwanza halijatoka, na gharama hiyo hurudi tu iwapo magari mengi yatauzwa. Kalibu ya faibaglasi ni rahisi. Kwa kiwanda kinachotaka magari mia chache, gharama ya kuanzia inakuwa ndogo ingawa kila kipande kinachukua saa nyingi za kazi ya mikono. Mfanyabiashara aliyesoma gharama za kudumu na gharama zinazobadilika ataitambua hesabu hiyo mara moja.

Hata hivyo, urahisi huo una upande wa pili. Kinachotoka kwenye kalibu mara moja kinaweza kutoka mara mia. Tutalirudia jambo hili mbele.

Aina tatu za bodi

Kabla ya kuzungumza bei na fundi, mnunuzi ajue bodi imefungwaje.

Aina ya kwanza ni vipande vinavyofunguliwa kwa boliti na bawaba, kama vya Stratos. Kila kipande hutolewa, hutengenezwa mezani na kurudishwa. Hii ndiyo nafuu kuliko zote.

Aina ya pili ni bodi iliyobandikwa kwenye chesisi ya chuma, kama Porsche 904 ya mwaka 1964. Bodi ikishikana na chesisi, vyote viwili hubeba mzigo wa gari. Kutu ikiingia kwenye chuma kilicho chini, fundi hulazimika kukata faibaglasi iliyo nzima ili aifikie.

Aina ya tatu ni ile ambayo faibaglasi yenyewe ndiyo mifupa ya gari, kama Lotus Elite iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1957. Hapa ufa si suala la sura tu. Ufa karibu na sehemu ya kufungia magurudumu ni suala la usalama.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Mwekezaji hatashika msasa, lakini akizijua hatua hizi ataweza kusoma makadirio ya fundi na kuona kilichorukwa.

1. Kusafisha. Bodi iliyokaa miaka 40 karibu na injini imefyonza mafuta. Mafuta huondolewa kwanza kwa dawa ya kusafishia, ndipo msasa ufuate. Fundi akianza na msasa, anayasukuma mafuta ndani ya nyuzi, na rangi mpya itatoboka vitundu vidogo. Kipande kipya kutoka kwenye kalibu nacho husafishwa, kwa sababu kimebeba nta iliyokizuia kunata.

2. Kutoa rangi ya zamani. Dawa kali za kubabua rangi ya magari ya bati huweza kulainisha resini. Kupuliza mchanga hula tabaka la juu. Njia salama ni wembe, kikwangulio na msasa, na hii ndiyo sababu kubwa ya saa nyingi kwenye ankara. Fundi akikadiria siku moja kwa gari zima, aulizwe atatumia nini.

3. Kukagua. Bodi hugongwa taratibu kwa sarafu au kwa kitu kidogo kigumu. Mahali pazima hulia kwa sauti kali. Mahali ambapo matabaka yameachana hulia kwa sauti nzito iliyokufa. Nyufa zenye umbo la nyota, hasa kuzunguka boliti na bawaba, huonesha kwamba sehemu hiyo iligongwa au imekazwa kupita kiasi.

4. Kutengeneza nyufa. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Puti ikipakwa juu ya ufa huufunika kwa muda tu. Gari likitikisika, ufa hurudi. Kazi sahihi ni kusaga hadi kufikia tabaka lililo zima, kuchonga kingo kwa mteremko mrefu, kisha kujenga upya kwa matabaka ya nyuzi na resini. Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi ni mteremko wa hadi mara 12 ya unene. Kipande chenye unene wa milimita 3 kitahitaji mteremko wa milimita 36 kila upande. Ufa mdogo kama kidole unakuwa kazi ya ukubwa wa sahani.

5. Kufunga kabla ya rangi. Vipande vyote hufungwa kwenye chesisi, na nafasi kati ya milango na bodi hupimwa. Vipande vilivyolazwa vibaya ghalani hujipinda. Kurekebisha baada ya rangi ni kupiga rangi mara mbili.

6. Kusubiri. Resini mpya huendelea kukauka na kusinyaa baada ya kuonekana imekauka. Ikipigwa rangi mapema, alama za nyuzi hujitokeza juu ya rangi baada ya miezi michache, hasa gari likikaa juani. Fundi makini huacha kipande kikauke kabisa, akikisaidia kwa joto la wastani, kabla ya kukilainisha kwa mara ya mwisho. Kwa mwenye mtaji, kusubiri huko ni gharama.

Rangi

Baada ya hapo hufuata praima ya epoksi inayoziba vitundu, kisha praima nzito inayosawazishwa kwa msasa uliofungwa kwenye kibao kirefu. Rangi nyembamba ya mwongozo hupulizwa juu yake ili mabonde yaonekane. Msasa huanzia namba za chini na kupanda, mathalani 180, 320 hadi 600. Faibaglasi iliyo wazi haisuguliwi kwa maji, kwani nyuzi hufyonza maji ambayo baadaye huinua rangi na kufanya malengelenge.

Gari la bati huweza kukaushwa kwa joto kubwa ndani ya chumba cha rangi. Faibaglasi ya resini ya kawaida hulainika na kupoteza umbo joto likizidi, na mafundi wengi hawavuki nyuzi 60 za Selsiasi. Aidha, faibaglasi haipitishi umeme. Ikisuguliwa huvuta vumbi, hivyo hupanguswa kwa dawa maalumu kabla ya kupulizwa. Kwa sababu hiyohiyo taa zake haziwezi kupata ethi kwenye bodi. Kila taa huhitaji waya wake wa kurudisha umeme, na taa hafifu kwenye gari la aina hii mara nyingi ni waya huo uliosahauliwa.

Lipo suala la afya ambalo halina budi kuingia kwenye gharama. Vumbi la nyuzi za kioo huwasha ngozi na kuumiza mapafu. Hadina ya resini ikiingia machoni huweza kupofusha. Rangi za kisasa za kuchanganya na hadina zina isosianeti, ambazo huleta pumu, na kitambaa kilichofungwa puani hakizizuii. Mpuliza rangi anatakiwa kuvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Karakana yenye bei ya chini kupita zote huenda imeokoa fedha hapo, na anayelipa tofauti ni kijana anayepuliza.

Hesabu ya mwenye mtaji

Tuchukue mfano wa kufikirika wa gari dogo la mashindano, si Stratos, ambayo bei yake ni mamia ya maelfu ya dola.

Bei ya kununua: dola 30,000
Saa 300 za fundi kwa dola 60: dola 18,000
Resini, praima, rangi na vifaa: dola 4,000
Jumla: dola 52,000
Bei ya kuuza: dola 56,000
Faida kwenye karatasi: dola 4,000

Sasa rangi ya zamani inatolewa na nyufa za nyota zinaonekana. Saa 80 zinaongezeka, yaani dola 4,800. Faida imegeuka hasara ya dola 800. Kazi imechukua miezi 18, na dola 30,000 zilizolala kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka zingeleta dola 3,600. Hasara halisi ni dola 4,400, na bado hatujataja bima wala ghala.

Mnunuzi huyohuyo angegonga bodi kwa sarafu kabla ya kulipa, angekuwa na hoja ya kupunguza bei. Akinunua kwa dola 25,000, riba inashuka hadi dola 3,000, jumla yote inakuwa dola 54,800 na anabakiwa na faida ya dola 1,200. Gari ni lilelile, fundi ni yuleyule na nyufa ni zilezile. Faida ilipatikana siku ya kununua.

Bodi haithibitishi gari

Turudi kwenye kalibu. Nchini Uingereza zipo kampuni zinazotengeneza nakala za Stratos na kuziuza waziwazi kama nakala. Biashara hiyo ni halali. Tatizo huanza nakala inapopita mikononi mwa watu wawili watatu na neno "nakala" likaanguka njiani.

Bodi ya faibaglasi, hata ikiwa nzuri kiasi gani, haithibitishi chochote. Utambulisho wa gari uko kwenye sehemu ya chuma yenye namba ya chesisi, na kwenye hati: usajili wa awali, kumbukumbu za mashindano, picha za wakati ule, na pasipoti ya kiufundi ya magari ya kihistoria inayotolewa chini ya shirikisho la FIA kwa wanaotaka kushindana.

Rangi ya zamani nayo ni hati. Gari la timu lilibadilishwa rangi kila mdhamini alipobadilika. Kabla ya kukwangua, fundi mzuri husugua sehemu ndogo kwa uangalifu hadi matabaka yaonekane kama pete za mti, kisha huzipiga picha. Tabaka moja linalolingana na picha ya mwaka fulani laweza kuwa na thamani kuliko gharama yote ya rangi mpya. Likishasagwa limepotea. Kwa sababu hiyo wamiliki wengine huacha rangi ya zamani ilivyo, na vipande vilivyobadilishwa huhifadhiwa na kuuzwa pamoja na gari.

Tangu mwaka 2003 mbio za East African Safari Classic zimekuwa zikileta magari ya zamani kwenye vumbi la Afrika Mashariki. Kazi za resini na nyuzi za kioo si ngeni hapa, maana ni zilezile za boti na matangi ya maji. Mwenye karakana anayetaka kuingia katika soko hili aanze na kipimo, kumbukumbu na barakoa. Rangi ije mwisho.

Maswali matano kabla ya kulipa

1. Namba ya chesisi inalingana na hati zote, au na baadhi tu?
2. Bodi ni ya awali, ya kubadilishwa, au ni nakala? Muuzaji yuko tayari kuliandika jibu hilo?
3. Rangi ilipigwa lini, na zipo picha za bodi ikiwa wazi kabla ya kupakwa?
4. Makadirio ya fundi yametenga muda wa kusubiri na akiba ya angalau robo ya saa za kazi?
5. Gari likikosa mnunuzi kwa mwaka mmoja, mtaji uliolala utabebwa na nani?

Asiyepata majibu ya maswali mawili ya kwanza hana haja ya kuuliza mengine.