Upepo Kwanza, Mshale Baadaye: Vidokezo vya Kumwinda Kulungu

Mjomba wangu alikuwa askari wa wanyamapori Rungwa, na kiunoni hakukosa soksi kuukuu iliyojaa majivu. Kila baada ya hatua chache aliigonga kwa kidole, kivumbi kikatoka, akakitazama kinakoelekea, ndipo akaamua mguu ufuatao aupeleke wapi. Sikuwahi kumsikia akisifu bunduki yake. Majivu aliyasifu.

Siku hizi nawinda kwa upinde kusini-magharibi mwa Wisconsin, Marekani. Mnyama mwenyewe ni kulungu wa mkia mweupe: kwa mbali ungedhani ni jamaa wa pongo, ila dume ana pembe zenye matawi, nazo humdondoka kila mwaka zikaota upya. Waswahili wenzangu walioanza maisha huku huniuliza wanunue bunduki gani, upinde gani, koti gani. Mimi huanza na soksi ya mjomba.

1. Ujue upepo unatoka wapi

Utabiri wa simu ukisema upepo wa kaskazini-magharibi, maana yake unatoka huko, hauendi huko. Mtu wa Pwani hapati tabu hapa, kwani kusi hutoka kusini na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Mabaharia wetu wametuachia pia maneno mawili ninayoyatumia porini kila siku: upande wa joshi, unakotoka upepo, na upande wa demani, unakoelekea. Mnyama akae joshini, wewe ukae demani. Ukiweza kusimama gizani kabla ya alfajiri ukajua joshi iko wapi kwa kuisikia tu shavuni, umeanza vizuri.

2. Beba majivu, na sufi pia

Majivu makavu yaliyochekechwa yanatosha kabisa. Wawindaji wa huku hutumia kichupa cha poda isiyo na manukato, nayo ni kazi ileile. Lakini majivu na poda hukuonyesha upepo wa karibu tu, halafu hupotea. Harufu yako haiishii hapo.

Kwa hiyo mwezi wa tisa na wa kumi mimi huokota maganda ya mmea wa porini wenye utomvu mweupe, Wamarekani huuita milkweed. Ndani yake mna nyuzi nyeupe, laini, zinazong'aa, sawa kabisa na sufi ya msufi wetu. Ufanano huo uliwahi kuokoa maisha ya watu: katika Vita vya Pili vya Dunia, sufi ya Java ilipoangukia mikononi mwa Wajapani, watoto wa shule wa Marekani walitumwa mashambani kuokota maganda haya ili nyuzi zake zijaze makoti ya kuokolea mabaharia.

Achia uzi mmoja ukiwa juu ya mti, uufuate kwa macho. Utaona ukienda moja kwa moja mita ishirini, ukasita, ukapanda, ukapinda nyuma ya mti mkubwa, kisha ukazama kwenye korongo ambalo hukulifikiria. Ndiyo njia ya harufu yako. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilihamisha kituo changu siku hiyohiyo.

3. Mlimani kuna upepo ambao simu haiujui

Hapa ndipo wengi tunapopoteza mnyama, na ningekuwa na nafasi ya kidokezo kimoja tu, ningekiandika hiki.

Eneo ninalowinda huitwa Driftless Area. Barafu kuu za kale zilizolainisha ardhi ya majirani hazikulifunika, hivyo limebaki na migongo mirefu na mabonde membamba yanayoshuka kuelekea mto Mississippi. Jua likipiga mteremko asubuhi, hewa ya karibu na ardhi hupata joto na kupanda. Jua likizama, hewa hupoa, huwa nzito, nayo huteremka bondeni kama maji yanavyofuata mkondo. Mvuvi wa kwetu anaujua ndugu wa upepo huu: ule wa nchi kavu unaomtoa alfajiri, na ule wa baharini unaomrudisha mchana.

Kanuni yake ni hii: asubuhi kaa juu ya njia ya kulungu, jioni kaa chini yake. Ila usiifuate kibubusa. Saa ya kwanza baada ya mapambazuko hewa bado inashuka, na mteremko wenye kivuli huchelewa kugeuka kuliko ule unaotazama jua. Siku ya mawingu mazito hewa hupanda kidogo sana. Na pale upepo wa kawaida unapokuwa na nguvu, huu wa mlimani humezwa. Upepo mkuu ukilegea, nao hurudi kutawala.

Nilijifunza kwa hasara. Jioni moja utabiri ulisema kaskazini-magharibi, na kweli ulivuma hivyo mchana kutwa. Nilikaa katikati ya mteremko, chini yangu bonde, nikiwa na hakika harufu yangu inapita juu ya mgongo wa mlima nyuma yangu. Jua lilipozama upepo ukafa. Hewa baridi ikaanza kuteleza kutoka kisogoni kwangu kwenda bondeni, nikaihisi shingoni kabla sijaelewa inafanya nini. Majike matatu yaliyokuwa yakila mbegu za mialoni yakainua vichwa kwa pamoja. Moja likapiga guu chini, likatoa ule mlio mkali wa pua, na mikia mitatu myeupe ikapotea gizani. Bonde lile halikunipa kulungu mwingine kwa wiki mbili.

4. Tafuta anapolala

Kulungu dume hupenda kulala upande wa demani wa mlima, karibu na juu, kama theluthi ya mwisho kabla ya kilele. Upepo unaovuka mlima humletea habari za nyuma yake, hewa ya joto inayopanda mchana humletea habari za chini, na macho yake yanatazama mbele bondeni. Amekaa mahali ambapo pua na macho vimegawana kazi. Ukijua upepo wa leo utajua leo amelala upande gani, na hutapoteza asubuhi ukivizia kitanda kitupu.

5. Usidai upepo ulionyooka

Kidokezo hiki ni cha aliyekwisha kuwinda misimu miwili mitatu. Dume la miaka minne au mitano halikufika umri huo kwa kutembea na upepo kisogoni. Hupenda kwenda huku upepo ukimpiga usoni au ubavuni. Ukichagua mahali ambapo upepo wote ni wako na yeye hana lolote, mara nyingi hatapita hapo kabisa.

Tafuta basi mahali ambapo upepo unakaribia kumfaa. Anakuja huku upepo wa ubavuni ukimfikia puani, anajiona salama, na mkondo wa harufu yako unapita kando ya njia yake kwa mita kumi au kumi na tano. Nafasi ni nyembamba. Hapo ndipo nyuzi za sufi zinapolipa, maana lazima ujue mkondo huo unapita wapi hasa, na mshale wako utoke kabla hajaufikia. Mwanzoni mwa Novemba, madume yanapotafuta majike, mbinu hii hufaa zaidi, kwa sababu dume huzunguka demani ya mahali majike yanapolala, ayanuse yote kwa mpito mmoja.

6. Njia ya kuingia ni sehemu ya windo

Usikate njia unayotarajia mnyama aipite. Usishike matawi kwa mikono mitupu. Vaa mabuti ya mpira, na penye kijito pita ndani ya maji. Kumbuka pia njia ya kutoka: jioni kulungu wako shambani wakila, nawe ukishuka kwenye mti na kupita katikati yao, umewafundisha mahali pako.

7. Oga, lakini usiamini kuoga

Jasho lenyewe halinuki sana. Bakteria wa ngozini ndio wanaolila na kutoa harufu, na kazi hiyo haikomi hata dakika moja. Ukitoka bafuni ukiwa safi, saa moja baadaye umeshaanza upya, na pumzi yako haijawahi kuoga.

Hata hivyo usafi husaidia. Oga kwa sabuni isiyo na manukato. Fua nguo za kuwindia peke yake, bila sabuni za kung'arisha, uzianike nje, uzifungie kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na majani makavu ya msitu huo. Koti zito libebe mgongoni, ulivae ukishafika, ili usiloe jasho njiani. Na kwa nyumba zetu nasisitiza: nguo hizi zisikae karibu na chetezo cha udi, wala jikoni unapokaanga samaki na vitunguu. Udi ni heshima kwa mgeni, lakini porini unamwita kila mnyama kwa jina.

Maduka yatakuuzia nguo zenye mkaa wa kunyonya harufu, kwa bei kubwa. Mwaka 2002 mtafiti John Shivik alichapisha matokeo ya jaribio lake: watu waliovaa nguo za aina hiyo na wasiozivaa walijificha, mbwa waliofunzwa wakawatafuta. Mbwa waliwapata karibu wote. Mbwa si kulungu, najua. Lakini mimi fedha hiyo huitia kwenye mafuta ya gari, nipate siku zaidi za kuchagua upepo.

8. Achana na mikojo ya chupa

Huuzwa mkojo wa kulungu ili kumvuta dume. Mimi siutumii. Kuna ugonjwa unaoharibu ubongo wa kulungu, akakonda mpaka akafa, nao hausababishwi na bakteria wala virusi bali na protini zilizoharibika ziitwazo prioni. Ulitambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967, na Wisconsin uligunduliwa mwaka 2002. Prioni hizo hutoka kwa mate, kinyesi na mkojo, na hudumu ardhini miaka. Virginia imepiga marufuku mikojo halisi kwa sababu hiyo. Ukipata mnyama katika eneo lenye ugonjwa, mpeleke akapimwe kabla nyama haijafika sufuriani.

9. Hewa tulivu kabisa si rafiki

Upepo mwepesi wa kudumu, wa kutikisa majani, ndio bora. Hewa ikisimama, harufu hutuama chini ya mti wako kama moshi wa jiko la kuni na kutambaa kila upande.

10. Sheria na uhai

Wisconsin, aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1973 au baadaye hupitia mafunzo ya uwindaji kabla ya kupata leseni ya kawaida. Msimu wa bunduki, angalau nusu ya mavazi yako ya nje kuanzia kiunoni kwenda juu iwe ya rangi ya chungwa ing'aayo au ya waridi ing'aayo. Usihofu kuonekana, kulungu haioni rangi ya chungwa kama tunavyoiona sisi. Na ukipanda dungu la mtini, funga mkanda wa usalama tangu mguu unapoondoka ardhini.

11. Upepo ukigeuka, shuka

Hiki ndicho kigumu kuliko vyote. Umeamka saa tisa usiku, umeendesha gari saa mbili, umepanda, umetulia, halafu uzi wa sufi unakwenda mahali usipotaka. Moyo utakwambia ungoje, huenda utarudi. Mimi hujipa nyuzi tatu, nikizitenganisha kwa dakika tano tano. Zote tatu zikienda vibaya, nafungua mkanda, nashuka polepole, naondoka kwa njia ya kijito.

Novemba iliyopita nilishuka hivyo siku mbili mfululizo, na mara zote mbili sikumwona kulungu hata mmoja. Siku ya tatu uzi wa kwanza ulipita juu ya korongo, ukaendelea kupanda, ukatoweka angani nyuma yangu. Wa pili ukaufuata. Saa mbili na robo asubuhi dume likatokea kwenye mialoni, pua juu, likitembea taratibu kama mtu aliye uani kwake.