Kufutwa Kazi bila Kusikizwa: Haki za Mfanyakazi na Njia ya Kuzidai

Wakaazi wengi wa Kinango hutafuta riziki mbali na nyumbani. Kuna wanaodamka alfajiri Kasemeni na Mwavumbo kuwahi zamu katika viwanda vya Mazeras na Mariakani, wanaolinda mageti Diani, na wanaofanya kazi za nyumbani Mombasa. Wengi wao waliajiriwa kwa mdomo, na siku ya kuondolewa huambiwa kwa mdomo vilevile: "Kesho usije." Hurudi kijijini wakidhani hakuna la kufanya. Sheria inasema lipo.

Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ndiyo inayoeleza haki hiyo inavyotekelezwa.

Kazi bila barua bado ni kazi

Mkataba wa mdomo ni mkataba. Ikiwa kazi ni ya miezi 3 au zaidi, ni jukumu la mwajiri kuuandika. Kesi ikifika mahakamani na mwajiri ashindwe kutoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Mfanyakazi hapotezi haki zake kwa sababu hakupewa barua.

Kila mfanyakazi anastahili angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7. Akitimiza miezi 12 kazini, anastahili likizo ya siku 21 za kazi kwa malipo kamili. Mama aliyejifungua ana likizo ya miezi 3, na baba wiki 2, zote kwa mshahara kamili.

Kibarua anapogeuka mwajiriwa wa mwezi

Kisheria, kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Akifanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi 1, au kazi yenyewe ikiwa haiwezi kumalizika kabla ya miezi 3, Kifungu cha 37 kinamhesabu kuwa mwajiriwa wa mwezi. Kuanzia hapo hawezi kuondolewa bila notisi.

Hata hivyo, kulipwa kwa siku na kulipwa kwa kipimo cha kazi ni mambo mawili tofauti. Mwaka 2017, Mahakama ya Rufaa huko Mombasa iliamua kesi ya wafanyakazi wa chumvi dhidi ya kampuni ya Krystalline Salt. Mahakama ilieleza kwamba Kifungu cha 37 kinamhusu kibarua, si anayelipwa kwa kiasi cha kazi aliyoimaliza. Basi mtu anayepakia mawe kwa lori au kuvuna kwa tani ajue mapema anahesabiwa vipi.

Lazima asikizwe kwanza

Tuseme mlinzi anatuhumiwa kulala zamuni au kuiba. Hata kama kosa ni kubwa kiasi cha kufutwa papo hapo, Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri amweleze tuhuma hizo kwa lugha anayoielewa, kisha amsikilize. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, katika kikao hicho. Kwa hiyo mzee anayeelewa Kiduruma na Kiswahili pekee hajasikizwa ikiwa amesomewa barua ya Kiingereza na kuoneshwa mlango.

Mwajiri anatakiwa kuwa na sababu ya haki, na pia kufuata utaratibu wa haki. Moja likikosekana, kufutwa huko kunaweza kutangazwa kuwa si halali. Ujauzito, kujiunga na chama cha wafanyakazi, au kumshtaki mwajiri kwa nia njema si sababu za kumfuta mtu.

Kazi inapokwisha

Wakati mwingine hakuna aliyekosa. Kazi yenyewe imekwisha. Wakaazi wa Kwale waliona hali hiyo uchimbaji wa Base Titanium ulipomalizika Desemba 2024. Sheria inataka notisi ya angalau mwezi 1 kwa wafanyakazi au chama chao, na kwa afisa wa leba. Anayepunguzwa hulipwa likizo ambazo hakuzichukua, pamoja na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia. Aliyefanya kazi miaka 4 kamili, kwa mfano, anastahili malipo ya siku zisizopungua 60.

Kabla ya kutia sahihi

Wengi hupewa karatasi isemayo "nimelipwa yote, sina dai lingine". Mwaka 2018, katika kesi ya Coastal Bottlers, Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba makubaliano ya aina hiyo yanamfunga mfanyakazi aliyeyatia sahihi kwa hiari. Asiyeelewa karatasi asitie sahihi wala kidole. Aombe nakala, akatafute wa kumsomea.

Hatua za kufuata

1. *Kukusanya ushahidi.* Jumbe za M-Pesa za mshahara, kitambulisho cha kazi, taarifa ya michango ya NSSF, picha za daftari la zamu na majina ya wenzake waliokuwepo.

2. *Kuandika tarehe.* Siku aliyoanza kazi, siku aliyoambiwa aondoke, maneno aliyoambiwa na aliyeyatamka.

3. *Kwenda kwa afisa wa leba.* Malalamiko ya kufutwa yanapelekwa ndani ya miezi 3. Ofisi hii iko chini ya Serikali ya Kitaifa, si ya Kaunti. Mwanachama wa chama kama KUDHEIHA anaweza pia kuanzia kwa mwakilishi wake.

4. *Kwenda mahakamani.* Muda wa kufungua kesi ni miaka 3, na mazungumzo kwa afisa wa leba hayausimamishi. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo Mombasa. Tangu 2018, mahakimu walioidhinishwa husikiliza madai ya wanaopata mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi. Mtu anaweza kujiwakilisha bila wakili, au kuomba ushauri kwa Kituo Cha Sheria, Mombasa.

Mahakama ikiona mfanyakazi ameonewa, inaweza kuamuru alipwe notisi na fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12. Kwa anayelipwa shilingi 20,000, kikomo hicho ni shilingi 240,000. Si kila mtu hupewa kiasi chote. Mahakama huangalia muda aliotumikia na jinsi alivyoondolewa. Mwajiri pia hana budi kumpa cheti cha utumishi ikiwa alifanya kazi kwa wiki 4 au zaidi, pamoja na mshahara wa siku alizofanya kazi, hata kama alifutwa kwa kosa.

Haki hizi zipo, lakini zina muda. Mfanyakazi anayekaa nyumbani mwaka baada ya mwaka akingoja kuitwa tena huenda akafika mahakamani na dai la kweli, akaambiwa amechelewa.