Kikapu cha Milulu katika Somo la Sanaa

Mwalimu mwanachuo apelekwaye Iringa hana haja ya kutafuta mbali zana za somo la sanaa. Kikapu cha milulu, kazi ya wanawake wa Kihehe, chatosha. Milulu hukatwa mabondeni penye maji, huanikwa, kisha husukwa. Zamani kikapu hiki kilikuwa cha nafaka na unga. Leo wasusi hukitia rangi ya zambarau, hukipa mpini wa ngozi, na wanunuzi wa Dar es Salaam na ng'ambo hukitilia nguo chafu. Wapo wasemao kuwa huko ni kuharibu mila. Nami niliwahi kusema hivyo.

Katika mazoezi yangu ya kufundisha niliweka kikapu mezani, nikaliamuru darasa la tano likiige. Msichana mmoja alichomeka vipande vya mfuko mwekundu wa plastiki. Nikampa alama ndogo, kwa kuwa kazi yake haikuwa "ya asili". Jioni nilipokigeuza kikapu chake, nikaona kuwa msuko umekaza kuliko wa wenzake wote, na mistari myekundu imekutana barabara pale mzunguko ulipokwisha. Alikuwa amehesabu. Nilichelewa kuirekebisha alama ile. Kipindi kilichofuata hakuleta kitu.

Tangu hapo huanza na kikapu kikuukuu. Watoto hukifumua kidogo, waone jinsi milulu miwili ya mlalo inavyopishana na kuukumbatia kila mlulu wa wima. Bibi msusi akialikwa, wamwamkie "Kamwene", kisha wamwulize yeye, si mwalimu. Halafu huja hesabu: ua lenye kuchukua milulu 6 halikamiliki katika milulu 40, kwani hubaki 4, katika 42 hukamilika mara 7. Baada ya hapo ndipo kila mtoto huruhusiwa kubadili jambo moja tu: rangi, umbo, au matumizi.

Huko Korea mafundi hubandika vipande vyembamba vya kombe ing'aayo juu ya mbao zilizopakwa utomvu wa mti. Baadhi ya wasanii wao wa leo wameacha makabati, wakavibandika juu ya maumbo yafananayo na kokoto kubwa. Ustadi wa kukata na kupanga haukuachwa.

Atakayefundisha Kyela atumie chungu cha Wakisi kutoka soko la Matema. Humo hamna milulu ya kuhesabu, basi aandae swali jingine kabla ya kuingia darasani.