Kufunga Kurasa Hakuongezi RAM

Wengi wetu huku ughaibuni tunasoma kwa laptop za mkono wa pili, kwa hiyo leo naomba tuzungumzie swapu, pamoja na ile amri ya kufunga kurasa za kumbukumbu. Mimi nililisoma somo hili darasani na mtihani nikafaulu, lakini sikulielewa mpaka liliponiumiza.

Tuanze na misingi. Mfumo endeshi huigawa RAM kwa kurasa. Kwenye Linux, kwa prosesa za kawaida za Intel na AMD, ukurasa mmoja ni KB 4, kwa hiyo GB 4 za RAM ni kurasa 1,048,576. RAM ikijaa, keneli hutafuta kurasa ambazo hazijaguswa siku nyingi. Ukurasa wa data ya programu huandikwa kwenye sehemu ya diski iitwayo swapu. Ukurasa uliosomwa kutoka kwenye faili na haukubadilishwa hutupwa tu, kwa sababu nakala yake ipo diskini. Ukihitajika tena, programu husimama ikingoja urudishwe.

Ni kama duka la mtaani. RAM ni rafu, diski ni stoo ya nyuma. Bidhaa isiyoulizwa inapelekwa stoo ili rafu ipate nafasi. Wazo lenyewe ni la zamani: kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa Manchester mwaka 1962, tayari ilikuwa ikihamisha kurasa yenyewe kati ya kumbukumbu kuu na ngoma ya sumaku.

Tatizo ni mwendo. Kusoma RAM huchukua kama nanosekunde 100. Diski ya kuzunguka huchukua kama milisekunde 10, yaani mara 100,000 zaidi. Sasa fanya hesabu: kama mara 1 tu kati ya 1,000 programu inalazimika kwenda diskini, wastani wa kila usomaji unapanda hadi mikrosekunde 10 na ushei. Kompyuta imepungua kasi mara 100! SSD hupunguza maumivu, lakini nayo iko nyuma sana ya RAM.

Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Programu yangu ya mradi ilikuwa na jedwali la GB 3, na ilikuwa ikisoma faili moja la GB 1 tena na tena. Laptop ilikuwa na GB 4. Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi, nikaona ikienda swapu. Nikasema moyoni, dawa ni mlock: amri inayoiambia keneli kwamba kurasa hizi zisitoke kwenye RAM kamwe. Nikaiendesha kama root, nikafunga jedwali zima.

Jamani, ikawa balaa. Kazi iliyokuwa ikichukua karibu saa moja, baada ya saa tatu haikuwa imefika hata nusu. Nikaandika vmstat 1, nikaona safu ya bi, inayoonyesha kinachosomwa diskini, imejaa tarakimu kubwa bila kupumzika.

Kumbe sehemu kubwa ya jedwali langu haikuwa ikiguswa. Mwanzoni keneli iliipeleka swapu mara moja tu, na nafasi iliyopatikana ikalihifadhi lile faili. Mimi nilipofunga jedwali, GB 1 iliyobaki ikagombaniwa na keneli, dirisha langu na faili. Faili halikuenea, kila mzunguko likasomwa upya diskini. Nilikuwa nimezigundisha kwenye rafu bidhaa zisizonunuliwa, huku kijana wa duka akikimbia stoo kwa kila mteja. Mtaka yote hukosa yote. Nilipoiondoa mlock, kazi ikamalizika alfajiri, nikakabidhi macho mekundu.

Je, mlock haina faida? Inayo, mahali pawili. Kwanza, kazi isiyoweza kungoja, kama programu ya kurekodi sauti, ambapo kuchelewa milisekunde chache husikika. Pili, siri: GnuPG hufunga kumbukumbu inayoshika funguo zake ili zisiandikwe kwenye swapu. Lakini kumbuka, ukiilaza kompyuta kwa kunakili RAM yote diskini, hata kurasa zilizofungwa huandikwa.

Kwa hiyo kabla hujafunga, pima kwa vmstat. Angalia kikomo chako kwa ulimit -l. Keneli iliweka kikomo kwa mtumiaji wa kawaida kwa sababu kila ukurasa unaoufunga unamnyima mwingine nafasi. Funga kidogo, kile tu kisichoweza kungoja au kisichopaswa kuonekana. Yaliyobaki iachie keneli, na wewe punguza ukubwa wa data yako.

Na tafadhali, usijaribu usiku wa kuamkia kukabidhi. Nawatakia masomo mema.