Mwenzio Akishikwa na Maumivu ya Ghafula

Yafikirini haya. Huko Tunguu, katikati ya kisiwa cha Unguja, mtu aondoka asubuhi akiwa mzima, aenda shambani kung'oa muhogo. Kabla ya adhuhuri arudi akijikokota kwa fimbo. Mwili wamwaka moto, mgongo na mapaja vyamwuma hata hawezi kuinama kuvua viatu. Mkewe amtazama kwa mashaka. Je, amerogwa? Ameshikwa na pepo? Au akwepa kazi?

Maswali hayo si mapya Unguja. Mwaka 1870 maradhi ya namna hii yaliuenea mji wa Zanzibar, na wazee wakakumbuka kwamba yalikwisha kufika mwaka 1823. James Christie, daktari aliyekuwa akiganga watu mjini humo, aliandika kwamba wenyeji waliyaita kidinga pepo, yaani mshtuko wa ghafula uletwao na pepo. Wataalamu kadhaa hudhani kuwa neno dengue, litumikalo leo duniani pote, latokana na jina hilo. Tena, mwaka 1952, maradhi ya jamaa hiyo yalizuka katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Wamakonde wakayaita chikungunya, kwa kuwa humkunja mtu kwa maumivu. Wako wasemao kwamba hata yale ya 1870 yalikuwa chikungunya.

Basi, si pepo. Ni virusi viletwavyo na mbu mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, aumaye mchana. Siku chache baadaye homa huja kwa kishindo.

Yampasa mume au mke kufanya nini?

Kwanza, amsadiki mwenzake. Maumivu ya misuli hayana jeraha la kuonyesha, na neno la dhihaka huumiza kuliko homa yenyewe.

Pili, ampeleke kituo cha afya apimwe. Malaria, dengue na chikungunya hufanana mwanzoni, na malaria ina dawa yake isiyofaa kucheleweshwa.

Tatu, awe mwangalifu na dawa. Parasetamoli yafaa, lakini mtu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku moja. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki asipewe mpaka mganga ahakikishe kwamba si dengue, kwa maana huweza kuzidisha kutoka damu.

Nne, amnyweshe mara kwa mara: madafu, uji, maji yenye chumvi na sukari ya kutibu kuharisha. Tano, amlaze ndani ya chandarua hata mchana, maana mbu akimwuma mgonjwa huwapelekea watoto maradhi yale yale.

Hapa wengi hukosea. Katika dengue, homa hushuka siku ya 3 mpaka ya 7, na jamaa hushukuru kwamba mgonjwa amepona. Kumbe saa 24 mpaka 48 zifuatazo ndizo za hatari. Akiumwa sana tumbo, akitapika bila kukoma, akitoka damu puani au katika fizi, akilegea au akihangaika, ngozi ikiwa baridi, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Vile vile mkojo ukiwa wa rangi ya chai. Mama mjamzito asingoje dalili hizo. Aonwe na mganga tangu homa ianzapo.

Kisha tutazame ua wetu. Vifuu vya nazi, matairi na mitungi isiyofunikwa ndiyo mazalio ya mbu huyu. Tuyamwage maji hayo kila wiki, na mitungi tuisugue, kwa kuwa mayai hushikamana na kingo zake.

Chikungunya yaweza kuacha maumivu ya viungo kwa majuma, pengine miezi. Wakati huo majirani wamekwisha acha kuja kumjulia hali mgonjwa, na kazi zote za nyumba zimemwangukia mmoja. Mume na achote maji, apike, aogeshe watoto, wala asione haya. Mke naye asimhesabie mumewe siku alizolala. Siku ya arusi tuliahidi uaminifu katika afya na katika ugonjwa. Ahadi hiyo hutimizwa kwa bakuli la uji lililoletwa bila manung'uniko.