KUPATA NAFUU SIYO KUPONA



Wengi wetu hujiwekea malengo mema. Kijana anataka kumaliza masomo, baba anataka kuacha pombe, mama anataka kuweka akiba aezeke nyumba kwa bati. Mara nyingi malengo hayo hayafi kwa kishindo. Hufa kidogo kidogo: leo kuna msiba, kesho safari, keshokutwa amekuja rafiki. Mwisho wa mwaka tunajiuliza lengo limepotelea wapi, wala hatuikumbuki siku tulipoliacha.

Katika somo la mwezi huu tutaangalia jambo hilo kwa kutumia lengo moja ambalo likiachwa njiani huweza kuua: kumaliza dozi ya kifua kikuu. Tumelichagua kwa sababu siku zake zinahesabika na vizuizi vyake vinajulikana hapa kwetu, mjini Mwanza na katika vijiji na visiwa vya Ziwa Victoria.

Kwa nini miezi 6?

Kwa wagonjwa wengi dozi ya kifua kikuu ni miezi 6. Miezi 2 ya kwanza mgonjwa hutumia dawa za aina 4 zilizounganishwa katika kidonge kimoja. Miezi 4 inayofuata hutumia dawa za aina 2. Idadi ya vidonge hutegemea uzito wake. Wapo wanaohitaji muda mrefu zaidi, kwa mfano mtu ambaye ugonjwa umeingia kwenye ubongo.

Dawa huanza kwa kuua vijidudu vinavyozaliana upesi. Ndiyo maana baada ya wiki chache homa hupungua, jasho la usiku hukoma, na hamu ya chakula hurudi. Lakini vipo vijidudu vingine vinavyokua polepole sana, kana kwamba vimelala. Hivyo havimsumbui mgonjwa, wala hawezi kujua kama vimo. Miezi ya mwisho ni kwa ajili ya hivyo.

Mgonjwa akiacha dawa katikati, vijidudu vilivyobaki huamka na kuongezeka. Baadhi huweza kuwa sugu, yaani dawa za kawaida haziviui tena. Kifua kikuu sugu huhitaji dawa nyingine na uangalizi mkubwa zaidi, na mtu anayeambukizwa na mgonjwa huyo huupata ugonjwa ukiwa tayari sugu.

Tanzania iliufundisha ulimwengu

Mwaka 1977 nchi yetu ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma. Aliyesaidia sana kuujenga pamoja na wataalamu wetu ni Daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia aliyefanya kazi Uholanzi. Yeye mwenyewe aliwahi kuugua kifua kikuu, alichokipata akiwa mfungwa katika kambi ya Wanazi wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Waliona kwamba dawa nzuri peke yake haitoshi. Siku hizo wengi walitibiwa kwa mwaka mzima au zaidi, na wengi waliachia njiani. Basi wakaweka utaratibu: kila mgonjwa aandikwe kwenye daftari, amezwe dawa mbele ya mtu mwingine hasa katika miezi ya mwanzo, makohozi yake yapimwe kwa tarehe zilizopangwa, na mwishoni ijulikane kama amepona, amehama, ameacha au amefariki. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu wa namna hiyo na kuupendekeza kwa nchi zote.

Tuangalie jambo moja hapo. Hawakumwachia mgonjwa apambane kwa ujasiri wake tu. Walimpa saa, tarehe na mtu wa kuwa naye. Hilo ndilo tunalotaka kulishika katika somo hili.

Mambo yanayomtoa mtu njiani

1. Nguvu kurudi. Hiki ndicho kishawishi kikubwa kuliko vyote. Mgonjwa aliyekuwa akishindwa kubeba ndoo sasa anasukuma mtumbwi. Anajiuliza, "Vidonge hivi vya nini tena?" Hapo ndipo tukumbuke kwamba kupata nafuu siyo kupona.

2. Kazi ya ziwani. Mvuvi wa dagaa huvua usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi inapowaka hupumzika. Leo yuko Ukerewe, baada ya wiki mbili yuko kambi nyingine. Saa za kawaida za kumeza dawa zinavurugika, na kliniki yake inabaki mbali.

3. Fedha na marafiki. Dagaa wakishauzwa, kambi huchangamka. Mtu asiyekunywa huonekana anajitenga. Pombe hulielemea ini, ambalo tayari linafanya kazi ya kuzichuja dawa hizi, na mlevi husahau saa yake.

4. Maneno ya watu. Yupo jirani atakayesema ni kurogwa, na mwingine ataleta habari za dawa ya kumaliza yote kwa siku moja. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Wapo waliorudi wakaacha dawa zao za hospitali, na hali zao zikawa mbaya.

5. Aibu. Wengi hudhani kila mwenye kifua kikuu ana virusi vya UKIMWI. Siyo kweli. Ni vyema kila mgonjwa apime, na aliye na virusi atumie dawa za magonjwa yote mawili. Lakini anayeficha vidonge ili asionekane, mara nyingi hushindwa kuvimeza kwa wakati.

Mambo hayo siyo yote mabaya. Kazi ni nzuri, urafiki ni mzuri, kwenda msibani ni utu. Ndiyo maana ni vigumu kuyakataa. Tusijidanganye kwamba hayatakuja; tujipange kabla hayajafika.

Tufanye nini?

Funga lengo kwenye jambo la kila siku. Aliye nyumbani ameze dawa akiamka, kabla ya kula. Mvuvi wa usiku achague saa inayodumu hata ratiba ikibadilika, kwa mfano mara mtumbwi unapotia nanga asubuhi, kabla ya chai. Kama tumbo linakataa, amwulize mhudumu wa afya kuhusu kula kidogo kwanza.

Chagua mtu mmoja wa kukusimamia. Awe mke, mume, dada, au mwenzako wa mtumbwi. Asiwe wa kukuhurumia tu, bali anayeweza kukuuliza bila kuona haya, "Umemeza?"

Weka alama. Chora msitari kwenye kalenda kila siku unapomeza. Siku zaidi ya 180 zinatisha zikitazamwa kwa pamoja. Moja moja zinabebeka.

Kabla ya safari, pita kliniki. Nenda na kadi yako, eleza unakokwenda na utakaa siku ngapi. Utapewa dawa za kutosha au utahamishiwa kituo kilicho karibu na kambi yako. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure.

Andaa jibu mapema. Kwa rafiki mwenye chupa: "Niko kwenye dozi, ninywee soda." Kwa mwenye habari za dawa nyingine: "Nikimaliza hii tutazungumza." Jibu lililoandaliwa huokoa siku nyingi.

Shika tarehe za kupima. Mgonjwa ambaye vijidudu vilionekana kwenye makohozi hupimwa tena mwisho wa mwezi wa 2, wa 5 na wa 6. Hapo ndipo neno "nimepona" linaposemwa, na anayelisema ni kipimo, siyo mwili kujisikia vizuri.

Ukiteleza

Ukisahau asubuhi, meza utakapokumbuka siku hiyohiyo. Usimeze mara mbili kesho yake. Zikipita siku kadhaa, rudi kliniki upesi useme kweli. Mkojo kuwa wa rangi ya chungwa ni kawaida. Lakini macho yakiwa ya manjano, ukiona ukungu, au ukitapika mfululizo, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Ganzi ya miguu nayo usiinyamazie.

Wengi hushindwa siyo kwa sababu waliteleza mara moja, bali kwa sababu walisema, "Nimeshaharibu, basi." Aliyekosa siku moja bado ana siku zilizobaki.

Siyo dawa tu

Mwanafunzi anayetaka kufaulu afunge saa yake ya kusoma, apate mwenzake wa kumuuliza, ahesabu siku zake, na aandae jibu la kuwapa wanaomwita kijiweni. Mama wa akiba afanye hivyohivyo. Nao wajihadhari na wakati wa nafuu: alama zinapoanza kupanda, akiba inapoanza kuonekana, ndipo mkono hulegea. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Familia zetu nazo zina wajibu. Tusimtume mgonjwa safari siku ya kliniki. Tusimtengee vyombo kwa dharau. Baada ya wiki chache za dawa zinazofanya kazi, hatari ya kuambukiza hupungua sana. Tufungue madirisha. Na yeyote nyumbani anayekohoa wiki mbili au zaidi, hasa watoto na wazee, tumpeleke akapimwe.

Maswali ya kujadiliana nyumbani au katika jumuiya

1. Ni lengo gani tulilianza mwaka huu na tumeliacha? Lilianza kulegea lini?
2. Je, yupo mgonjwa jirani yetu anayehitaji mtu wa kumuuliza, "Umemeza?" Nani kati yetu atakwenda?
3. Katika mwalo au mtaa wetu, ni kitu gani kinachowafanya watu waache dozi, na sisi tunaweza kukipunguza vipi?