Somo: Majina Yasipotee

Mtu anapopokelewa kuwa mkatekumeni, jina lake huandikwa katika kitabu. Ndiyo sheria ya Kanisa. Siku ya Ubatizo huandikwa tena katika kitabu kingine, pamoja na majina ya wazazi na wasimamizi wake, mahali na tarehe ya kuzaliwa, mahali na tarehe ya Ubatizo. Baadaye habari za Kipaimara na Ndoa huongezwa papo hapo. Kwa nini Kanisa hujitaabisha hivi? Kwa sababu Mungu humwita kila mtu kwa jina lake.

Mtakatifu Matayo alianza Injili yake kwa kuwataja mababu wa Yesu mmoja mmoja. Nacho kitabu cha Ezra, sura ya 2, chasimulia habari za jamaa za makuhani waliorudi kutoka Babeli. Walitafuta majina yao katika orodha ya koo, wasiyaone, wakazuiwa kazi ya ukuhani. Jina lililopotea laweza kumnyima mtu haki yake.

1. Habari za Likasi

Mji wa Likasi, ulioitwa Jadotville tangu 1931 hata 1966, ulikuzwa na shaba. Kampuni ya Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka mbali: Kasai, Rwanda na nchi ambayo leo ni Zambia. Wajukuu wao wengi hawajaona kijiji cha babu. Kinachowaunganisha na ukoo ni maneno ya wazee, kitabu cha kazi, cheti cha Ubatizo, na picha chache ndani ya sanduku.

Mwaka 1992 na 1993 chuki iliwaka katika mkoa, ulioitwa Shaba wakati ule. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao. Maelfu walikimbilia kituo cha gari la moshi na mashule ya Likasi, wakingoja treni, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Mtu anayekimbia hushika mkono wa mtoto. Sanduku la karatasi hubaki nyuma. Hivyo picha ya marehemu mama, isiyo na nyingine duniani, hupotea kwa siku moja. Dhambi hiyo isirudiwe kamwe. Naye atakayemsaidia jirani kuhifadhi majina ya wazee wake, awe wa kabila lolote, hujenga amani mahali palipobomolewa.

2. Mifano miwili

Mwaka 2000 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao walianza kazi iliyoitwa Mémoires de Lubumbashi, yaani kumbukumbu za Lubumbashi. Waliwaomba wenyeji wa mji masimulizi yao na vitu vya zamani vya nyumbani. Waliona kwamba historia ya mji si ya wakubwa tu: mpishi, fundi na mama wa nyumbani wanayo sehemu yao.

Mfano wa pili ni Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, akatangazwa mwenye heri mwaka 1985. Jina lake la nyumbani lilikuwa Nengapeta. Alipoingizwa shuleni, jina la dada yake, Anuarite, liliandikwa kwa kosa kuwa lake. Na hata leo Kanisa lote humwita hivyo. Basi anayeandika jina la mwenzake aulize mara mbili, kisha amsomee alichoandika.

3. Namna ya kusaidia

Vijana wajuao kuandika wajitolee pasipo malipo, wakiongozwa na mwalimu wa dini.

Kwanza, waketi na mzee, wamwombe ruhusa, waandike majina ya watu, vijiji na miaka. Mwaka usipojulikana, waandike jambo lililotukia, kama vile: alizaliwa kabla ya Uhuru wa 1960.

Pili, nyuma ya picha waandike kwa penseli laini, pasipo kukandamiza: nani, wapi, lini. Wino hupenya na kuharibu.

Tatu, picha ziwekwe katika bahasha ya karatasi, mbali na jua, moshi, unyevu na mchwa. Zisibandikwe kwa gundi.

Nne, picha ipigwe kwa simu mbele ya mwenyewe, naye arudishiwe yake siku ile ile. Nakala ikae katika nyumba nyingine, ili moto mmoja usiteketeze zote.

Tano, siri za jamaa zisitangazwe. Vitabu vya parokia hutunzwa na Padri. Anayetaka cheti au kusahihisha kosa amwendee yeye, wala asifute neno.

Maswali

Ulizo: Kwa nini Kanisa huandika jina la mkatekumeni?
Jibu: Kwa sababu Mungu humwita kila mtu kwa jina lake, na Kanisa humpokea kama mtu anayejulikana.

Ulizo: Anayehifadhi majina ya jamaa ya jirani atimiza amri gani?
Jibu: Amri ya kuwaheshimu baba na mama, na amri ya kumpenda jirani.

Azimio: Juma hili, kila mkatekumeni amwulize mzee mmoja majina ya babu na bibi zake, ayaandike. Jioni awataje katika sala, mmoja mmoja.